Nyasi Zinapumzika

Kyakimwa hutuma sauti usiku, bando likishuka bei.
Mimi nimeegemeza chukudu ukutani, gurudumu bado la moto,
sikio moja kwenye simu,
la pili nimeliachia mtaa wa Ndosho.

"Kaka, mbele ya stesheni ya Nantes kuna bustani.
Hulipi mlangoni. Huulizwi unakwenda kwa nani.
Leo nimekaa kwenye benchi saa nzima
na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nauza nini."
Hapo akanyamaza. Zilizobaki zilikuwa sekunde za ndege.

Usiku mwingine, mgomba.
"Wameujengea nyumba ya vioo, Kaka. Wanaupashia moto.
Una kibao shingoni, jina la Kilatini,
kama mtoto siku ya kwanza ya shule.
Nilitaka kuusalimu kwa Kinande, nikaona haya:
kulikuwa na mzee anauchora."
Mama alicheka hadi akashika mbavu.
Mgomba! Huu wetu wa nyuma ya choo,
tunaoufungia mbuzi!

Lakini lililoninyima usingizi ni hili:
"Kuna nyasi wamezizungushia kamba.
Kibao kinasema zinapumzika.
Hazijafa. Wala si za mkubwa fulani.
Zimekanyagwa sana, sasa zimepewa likizo."

Mimi hubeba udongo. Ndiyo kazi yenyewe.
Goma imelala juu ya jiwe lililowahi kutiririka;
anayetaka ua hapa hununua kwanza ardhi ya kulipandia.
Kutoka Kibumba nashuka na magunia sita,
goti kwenye ubao, breki ni kandambili,
hadi Himbi, kwenye mageti yenye kengele.
Namwaga, nasawazisha, nalipwa, naondoka.
Bustani hamsini labda nimezianza.
Sijakaa kwenye hata moja.

Juzi gunia lilipasuka njiani, tajiri akalikataa.
Nikaja kulimwaga mbele ya mlango wetu,
pale lava ilipojikunja kama blanketi lililopigwa teke.
Nikaiba (hapana, nikaokota) paspalumu ukingoni mwa barabara,
nikachomeka shina moja moja.
Upana wake: mlango mmoja uliolazwa chini.

Zikashika. Mvua ya huku haina ubahili.
Watoto wakaja kukanyaga, kuku wakaja kupekua,
nikatafuta ubao wa sanduku na kipande cha mkaa,
nikaandika: NYASI ZINAPUMZIKA.

Avenyu nzima ilikuja kusoma.
Paluku fundi redio aliuliza zilikuwa zikifanya kazi gani.
Mwingine akasema nimekula pesa za shirika.

Kisha akapita Mama Kasoki, beseni la makaa kichwani,
yuko njiani kwa miguu tangu saa kumi alfajiri.
Akasoma polepole, midomo ikitembea.
Akasoma tena.
Hakucheka.
"Hata nyasi," alisema.
Akashusha beseni, akavua ndala,
akaketi juu ya jiwe, visigino tu ndani ya kijani.
Nilitaka kumweleza sheria.
Mdomo ulifunguka, ukajifunga wenyewe.

Kyakimwa anasema saa ya kufunga mlinzi hupiga filimbi.
Siku ya kwanza alikimbia, akaacha mkoba kwenye benchi.
Kwetu filimbi ikilia huulizi.
Mlinzi alimfuata nao hadi njia panda, akihema:
"Hakuna kitu, madamu. Tunafungua kesho saa mbili."
Anarudia neno lile, kesho,
kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake.

Mimi sina filimbi.
Mama Kasoki aliondoka alipotaka,
na pale alipoweka miguu nyasi zimelala upande mmoja,
nyeusi kidogo.

Usiku huu nimemtumia dada sauti isiyo na maneno,
sekunde arobaini za mvua.
Amejibu upesi, kana kwamba alikuwa mlangoni:
"Hilo ni bati ninalosikia, Kaka,
au ndiyo bustani?"