Picha ya Kifua

Mji wetu umekaa ndani ya jeraha.
Ukipanda mnara wa kanisa la Nördlingen
utaona vilima vimeuzunguka kama ukingo wa sahani,
na ndani ya sahani shayiri, nguruwe, reli,
mapaa mekundu, na mama yangu
juu ya jukwaa la mbao, patasi mkononi,
akilitoa jiwe bovu ukutani
kwa adabu, kama anayemng'oa mzee jino.

Bibi alifundishwa shuleni kwamba ni volkano.
Akafa akiamini hivyo, na hakupungukiwa kitu.
Kumbe moto haukutoka chini. Ulishuka.
Jiwe lenye upana wa kilomita, bila mwenyewe, bila miadi,
miaka milioni kumi na tano kabla ya kengele ya kwanza,
likapiga,
na kufumba na kufumbua miamba ikawa uji,
uji ukaruka, ukarudi, ukaganda:
jiwe la kijivu lenye vipande vya kioo cheusi
na almasi ndogo mno,
ndogo hata chungu asingejikwaa.

Kwa jiwe hilo wahenga wakajenga kanisa,
huku wakilalamika kwamba halidumu.
Mvua inalila. Barafu inalila. Njiwa nao wana lao.
Ndiyo maana mama hakukosa kazi
miaka thelathini na minne.

Sasa anakohoa.
Daktari Ruoff aliwasha taa nyuma ya filamu.
Mbavu, giza, na ndani ya giza
vitone vyeupe, vya mviringo, vingine vimepandana.
"Vumbi la mawe, Bi Ottilie. Halitoki."
Mama akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu
kama anayekagua kazi ya mwashi mwingine.
"Almasi zimo?"
Daktari akasema huenda, nani ajuaye.
"Basi namdai heshima mke wa meya."

Tukaja na filamu nyumbani.
Akaibandika kwenye kioo cha dirisha la jikoni,
juu ya sufuria ya viazi,
na mwezi ulipopanda nyuma yake
picha mbili zikalaliana:
kifua cha mama, uso wa mwezi,
vyote vimepigwa, vyote kimya.

Nimesoma kwamba mwezi hausamehi.
Hauna upepo wa kufuta, hauna mvua, hauna jembe;
kila kilichowahi kuugonga kimeacha sahihi.
Utaridi vivyo hivyo. Mirihi hujaribu,
hufukia kidogo kwa vumbi, kisha huchoka.
Dunia ndiyo yenye hila:
shimo hulijaza ziwa, ziwa hulikausha,
juu yake hutandika udongo mweusi,
halafu humleta mtu na mbegu zake,
naye, bila kuuliza, hupaita kwetu.

Nilitaka kumwambia mama hayo.
Lakini alikuwa ameanza kuvipa vitone majina,
akivigusa kwa kidole kisicho na ukucha:
"Hiki ni dirisha la kaskazini, nikiwa na mimba yako.
Hiki ni ngazi za mnara, kipupwe kile
baba yako alipokwenda Augsburg kununua viatu
na viatu vikampenda zaidi.
Hiki ni malaika asiye na pua. Nilimpa pua.
Hiki kikubwa..."
Akanyamaza.
"Hiki sikijui."

Viazi vikachemka hadi vikapasuka.
Saa nne mlinzi akapaza sauti kutoka mnarani,
kama kila usiku,
kuutangazia mji kwamba hakuna kilichotokea.
Mama akacheka, kicheko kikageuka kikohozi,
nikamshika mgongo,
na chini ya kiganja changu kitu kikawa kinagonga,
kinatulia, kinagonga,
kama patasi
upande wa pili wa ukuta.