Kalamu Nyekundu

Kitumbua kimenipa gazeti.
Mafuta yamemlainisha Mheshimiwa Chigumbi shavu la kushoto
lakini hotuba yake inasomeka, safu tatu kamili,
na mimi nina madaftari mia moja thelathini na saba ya darasa la tatu B,
nimechoka nayo, mvua ya Kivule inapiga bati,
taa ya sola imeanza kusinzia.
Basi nikasema: leo na mtu mzima asahihishwe.

Nyakati kwanza.
"Tutaongeza." "Tutajenga." "Tutahakikisha."
Nimehesabu -ta- arobaini na mbili.
-li- moja tu, pale anaposema alizaliwa.
Mtoto akiniandikia hivi namwambia,
mwanangu, habari ya safari
huandikwa na aliyerudi.

"Suala la malimbikizo ya walimu linaangaliwa."
Kauli ya kutendwa.
Linaangaliwa na nani? Kwa jicho lipi?
Mwalimu Mpembe alistaafu linaangaliwa.
Tukamzika Chanika, linaangaliwa,
na karatasi yake ya kupanda daraja
mjane anayo mpaka leo, kaikunja kwenye kanga.
Nimeandika pembeni: Mtenda yuko wapi?

Hapa kaandika vizuri, nisimdhulumu:
"Mwalimu ni mshumaa, huungua ili wengine waone."
Sitiari. Alama mbili.
Kisha nikakumbuka kwamba mshumaa hauna nauli,
haulipi kodi ya chumba kwa mama Tunu,
haujifichi chooni mwisho wa mwezi
vijana wa kausha damu wakigonga geti la shule.
Alama zangu nikazirudisha.

"Fedha za uendeshaji zinatosha kwa shule inayojipanga."
Hesabu hii tuliifanya na mwalimu mkuu
juu ya meza yenye miguu mitatu na tofali:
chaki moja na kipande
kwa mtoto, kwa muhula.
Kipande ndicho nilichofundishia irabu.
Ilipofika *u* nikawa naandika kwa kucha.

Mwaka wa kura alisimama hapa hapa, kwenye tope,
akakunja suruali, akaapa:
mshahara wa mwalimu usipomfikisha tarehe ishirini
na yeye wake hatauchukua.
Tulipiga makofi, mimi nikiwamo.
Alipofika Dodoma akasema bajeti ni shuka fupi,
ukifunika kichwa, miguu inabaki nje.
Ni kweli.
Ila miguu yake sijapata kuiona.

Nimegeuza gazeti kwenye mwanga
na nyuma yake, ndani ya doa la mafuta,
nikawaona wangu:
Kinyambo, Zamoyoni, na Sikudhani aliyekatwa nusu na ukingo wa picha,
wameshika bango.
KARIBU MTETEZI WA WALIMU.
Mwandiko ule naujua.
Manila nilinunua mimi, mbili kwa elfu moja,
na rangi ni ya kalamu hii hii.

Nikakaa nayo muda, kifuniko mdomoni.
Mvua ikapungua, ikaanza tena.
Nilitaka kuandika "Rudia kazi yote,
na safari hii anza na *nime-*,"
lakini daftari hili nilirudishe wapi,
na la kwangu nani alisahihishe?

Alama sijampa.
Nimemkata vipande sita, nikavisokota pembe,
kila pembe inameza vijiko viwili vya karanga, shilingi mia.
Kesho saa nne, kengele ya mapumziko ikilia,
Sikudhani atakuja na mia yake imelowa jasho.
Karanga atazimaliza kwanza, namjua.
Kisha atalikunjua gazeti, ataweka kidole, atasoma kwa sauti,
maana kusoma ndiyo kwanza kumemkolea:
*tu, ta, o, nge*
na pale karatasi itakuwa imekatika
ataniinulia macho:
Mwalimu,
nyingine iko wapi?