Ukaguzi wa Daraja

Nilifika mapema, kikao cha Kajaani kilikuwa kimeahirishwa,
nikakuta shule haina mtu:
paa la turubai, jiko la kuni linafuka,
mikoba kumi na mmoja imening'inia
kwenye vigingi vya mbetula, kama popo.
Wenyewe wako mtaroni.

Mfukoni nina fomu, nimeikunja mara nne.
Mtoto anazijua herufi ngapi?
Anahesabu hadi ngapi?
Nilitaka kumuuliza mwalimu ana kwa ana,
kwa sauti ya mtu anayelipa.

Mwezi wa kumi, msituni Kuhmo. Maji yamevaa barafu
nyembamba kama utando wa maziwa yaliyopoa.
Watoto wanavuka. Hapana, hawajavuka,
wanabishana namna ya kuvuka.
Aatos anataka gogo moja. Pihla anataka vijiti vingi.
Veikka wangu, miaka mitano na miezi miwili,
anapima upana kwa buti zake,
kisigino kwa ncha, kisigino kwa ncha,
mpaka maji yanamkatiza.
"Buti tatu," asema, "na zile za ndani ya maji."

Mimi ni mhandisi wa madaraja.
Mwaka wa kumi na tisa huu nagonga zege, nasikiliza vyuma,
natia sahihi, na malori yanapita juu ya sahihi yangu.
Niliona papo hapo: matawi yale ni makavu,
na ukingo wa kushoto ni tope tupu.
Nikafungua kinywa.

Raili, mwalimu wao, akanitia kikombe mkononi.
Kahawa, ya moto. Hakusema neno.
Huwezi kuhutubu ukiwa umeungua ulimi.

Basi nikalitazama daraja likivunjika.
Ka! halafu mlio wa barafu,
halafu Veikka majini hadi magotini,
na glavu moja yaelea, imefumbua vidole.
Moyo wangu ulilia kabla yake.
Yeye hakulia. Aliokota kipande kilichovunjika,
akakinusa, akakiramba,
akawapa wenzake nao wakinuse.
"Hiki kimekufa zamani," akasema.
Pihla akaburuta tawi la msonobari
lililoangushwa na dhoruba ya juzi, bado linatoka utomvu,
akalikunja juu ya goti. Likapinda. Likarudi.
"Hili linakubali."

Jambo hilo mimi nilifundishwa Oulu
nikiwa na miaka ishirini na mmoja,
kwa chaki, kwa herufi za Kigiriki,
katika chumba chenye joto,
na sikulowa hata soksi.

Raili alimbadilisha Veikka suruali pale pale,
nyuma ya kichuguu cha sisimizi waliolala,
na kabla vifungo havijafungwa, mtoto ameponyoka.
Daraja la pili lilikuwa baya kwa sura:
matawi mabichi yamesukwa kama mkeka wa mlevi,
kuvumwani imeshindiliwa kila tundu,
na juu kabisa gogo la Aatos,
halina kazi yoyote
ila kumfanya Aatos asinune.
Sijawahi kuona hesabu hiyo kwenye mchoro wowote.

Wakavuka. Taimi, mdogo wao, alikuwa mhesabu:
"Moja, mbili, tatu, sita, Pihla, tisa."
Hakuna aliyemsahihisha, na hakuna aliyepotea.
Ng'ambo hapakuwa na kitu,
msitu ule ule, baridi ile ile.
Wakashangilia, wakarudi, wakavuka tena.

Nilitafuta pa kuweka kikombe,
nikakiweka juu ya fomu, juu ya kisiki.
Kikaacha duara la kahia pale penye herufi.

"Mama, njoo."
Nilisimama ukingoni na viatu vyangu vya ofisini.
Nikauliza kama ninavyouliza kazini:
"Linabeba kilo ngapi?"

Veikka alinitazama kwa huruma kidogo.
"Panda," akasema, "tujue."