Hati ya Madai Namba 41

Ofisi yetu haioni maji.
Dirisha linatazama Loleza na ukungu wake,
na muuza viazi anayekohoa kwanza
ndipo ataje bei.
Lakini sisi ni wakala wa meli;
ndivyo kibao kinavyosema, na kibao kina kutu.

Bandari iko chini huko, Itungi,
saa tatu za kushuka, masikio yakiziba Tukuyu
katikati ya migomba, hadi joto likuvue koti.
Nashuka mara moja kwa mwezi.
Siku nyingine meli hunijia kwa simu,
kwa sauti ya Gwamaka, mfunga kamba:
"Dada Anyambilile, imeingia."
Nami nafungua jedwali.

Ada ya kuingia: kwa ukubwa wa meli, si kwa uzito wa shehena.
Meli hulipia hata utupu wake.
(Hili lilinichukua mwaka kulielewa.)
Ada ya gati: kwa mita, kwa siku,
na saa moja ikizidi siku, hesabu mbili.
Ada ya taa. Ada ya maji ya kunywa, ya taka, ya mlinzi wa ngazi.
Kisha ada yetu ya uwakala,
ambayo Bwana Sanga huiandika mwenyewe kwa wino:
"Ndogondogo juu, kubwa chini.
Mwenye meli husoma juu akachoka."

Mwezi wa nane Tiyanjane ilikuja tupu kutoka Nkhata Bay
kuchukua saruji.
Mwera ukavuma siku mbili.
Usiku wa pili kamba ya mbele ikakatika,
Gwamaka akaingia majini, kamba nyingine kiunoni.
Taa ya gati haiwaki tangu betri yake iibwe;
nahodha alishika moto wa Mama Tusekile,
aliyekaanga mbasa hadi alfajiri, wateja hakuna,
ili tu jiko lisizime.
"Maji yalikuwa baridi, dada," Gwamaka aliniambia,
"kama huko kwenu."
Hajawahi kufika Mbeya.

Nikakaa na jedwali.
Ada ya taa: ipo. Taa haikuwapo.
Kufunga kamba: elfu themanini, na Gwamaka hupewa kumi,
afunge mara moja, afunge mara tano.
Kuzamia: hakuna mstari.
Kuni: hakuna mstari.
Siku ya tatu ya gati, iliyoletwa na Mwera: ipo, na inalipwa.
Upepo ni wa Mungu, lakini siku ni ya mamlaka.

Jedwali lina tundu moja tu, chini kabisa.
Linaitwa Nyinginezo.
Humo Bwana Sanga huweka chai yake.
Nikaweka elfu sitini. Nikaweka elfu ishirini na tano.
Mkono haukutetemeka;
ulitetemeka baadaye, nikilamba bahasha.

Fedha zao zilifika kabla ya barua yao,
pungufu kwa elfu themanini na tano.
"Gati tumelipa. Taa tumelipa,
ingawa nahodha anasema hakuiona.
Nyinginezo ni nini?
Tafadhali fafanua."
Bwana Sanga aliisoma amesimama,
akaiweka juu ya mikono yangu, si juu ya meza.
"Fafanua," akasema, akaenda kunywa chai
ambayo safari hii haina pa kuandikwa.

Nimeandika: kuni. Nimefuta.
Kuni si huduma ya bandari.
Nimeandika: mwanga wa ziada. Nimefuta,
maana ziada huja juu ya kitu kilichokuwapo.
Nimeandika: mtu mmoja, majini, dakika arobaini.
Hilo nimeliacha.
Halafu nikaongeza, bila kujua linatozwa kwa mita au kwa tani,
kwamba maji yalikuwa baridi.

Barua bado iko kwenye trei.
Nje, muuza viazi anakohoa.
Nasubiri ataje.