Vipande vya Jiwe Juu ya Udongo

Ġiża alikileta chungu kifuani, kimefungwa taulo la kuogea,
akapanda ngazi zangu thelathini na moja bila kusimama.
"Umeuza dawa miaka arobaini," alisema. "Basi mtazame huyu."
Hakusema *huu*,
kama wasemavyo watu wa miti.

Bogenvilia ya Wistin: bonsai, kimo cha mkono hadi kiwiko,
shina lake fundo, kama kifundo cha mguu cha mzee,
miaka ishirini na sita ya mkasi na waya,
na kileleni manjano,
manjano ya ndimu iliyosahauliwa dirishani.

Nikatoa kioo cha kukuzia, kile cha kusomea maandishi ya chupa.
Jani halisemi uongo, lakini lina neno moja tu,
na kila ugonjwa huliazima neno hilohilo.

Yangeanza kufa ya chini, ningesema njaa:
mti hula wazee wake ulishe watoto.
Yangelegea, udongo ukanuka kama tambara la jikoni,
ningesema mapenzi yamezidi, mizizi inazama.
Niliyapindua moja moja, nikatafuta utando, vitone, utitiri.
Hakuna.
Wala zambarau ya kingoni, ile ambayo grigal hutuachia Januari
ikivuma siku tatu juu ya mapaa ya Qala.

Yaliyopauka ni machanga, ya ncha,
na ndani ya upauko mishipa bado kijani,
ramani ya mito katika nchi isiyonyewa.

Chuma, nikasema.
Chuma kimo, ila mlango umefungwa.

"Unamwagilia maji gani?"
"Ya kisima, ya mvua. Kama yeye."
"Mbolea?"
"Ileile. Kijiko kilekile."
"Anakaa wapi?"
"Palepale."
Majibu yote mazuri, na mgonjwa anakufa.

Ndipo nikalivua taulo lote.
Juu ya udongo, vipande vya jiwe, rangi ya ganda la mkate,
vimepangwa kwa mkono, si kwa kumwagwa.
"Na hivi?"
Ġiża akatazama viatu vyake.
"Fundi alipochonga jina makaburini, vilidondoka.
Nilivizoa. Sikuona haki vifagiliwe."

Tangu Novemba.
Jiwe la kisiwa chetu ni laini, unalikata kwa msumeno,
na kila maji yapitapo juu yake huondoka na chokaa kidogo.
Tone kwa tone, miezi mitano,
chokaa imeshuka ikaviziba vinywa vya mizizi.

Nimewaambia wateja wangapi:
hiki na kile havipatani tumboni, acha kimoja.
Nilisema haraka, foleni ilikuwa ndefu.
Safari hii ulimi ulikuwa mzito,
maana nilikwisha kuelewa vipande vile ni nini:
si jina.
Ni kile kilichotolewa ili jina lionekane,
tumbo la W, mgongo wa S,
herufi zilezile, zikiwa zimegeuka kifusi.

Nikamwambia.
Hakulia. Aliomba kijiko.
Tukaviokota wawili, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa mlango,
vikajaza gudulia la sukari na kikombe juu.
Nikafuta tabaka la udongo wa juu, nikachanganya unga wa chuma,
mwekundu kama divai mbaya.
"Haya ya manjano hayatarudi," nilisema. "Usiyahesabu.
Hesabu yatakayokuja."

Alipiga simu Juni.
Majani sita, kijani cha kuudhi, alisema,
na karatasi zile za waridi zimeanza, ambazo watu huziita maua
kumbe nazo ni majani tu;
ua lenyewe ni jeupe, dogo katikati,
lazima uinamishe uso.

Gudulia hakulichukua, nami sikumkumbusha.
Liko rafuni kati ya chupa tupu.
Mimi, ambaye hata chumvi ya jikoni naiandikia tarehe,
hilo sijalibandika kitu.