Makadirio ya Hasara

Lifti imekufa, kwa hiyo hesabu inaanza na magoti yangu.
Ghorofa kumi na tisa, Mtaa wa Jamhuri,
siku ya tatu baada ya upepo.
Mwinyimvua, mlinzi, ananitangulia na funguo,
kila penye kona ya ngazi anageuka kunihakikishia:
"Jengo halikutikisika, mhandisi. Lilicheza tu kidogo."

Naandika: lilicheza. Nafuta.
Naandika: kuyumba, na alama ya kuuliza.

Ghorofa ya kumi na nne, wakala wa forodha.
Bwana Lyatuu ameshachapa barua yenye nembo:
kompyuta sita, zulia, dari,
na siku nne za kusimama kwa biashara
(leo ni ya tatu).
Anasema maji ndani ya glasi yake yalikwenda huku na huku,
polepole, kama mtu anayekataa kwa kichwa.
Hilo halina safu kwenye fomu.
Naliweka pembeni kwa penseli. Penseli haidaiwi.

Wote wanadhani upepo husukuma.
Tazameni, nawaambia, vioo vimeangukia nje.
Ukikata kona kwa kasi upepo hugeuka mnyonyaji,
hubandika midomo ukutani
na kuvuta.
Vioo arobaini na moja, vyote upande ambao haukupigwa.
Mpira wa kuzibia umekauka kama ngozi ya ngoma,
skrubu mbili mahali pa nne.
Aliyebana matumizi mwaka ule
hajui alimkopa nani.

Juu ya paa, tangi la lita elfu tano halipo.
Lilikuwa tupu, anasema Mwinyimvua, maji yalikatika tangu Jumapili.
Lingejaa, lingebaki.
Mgao wa maji nao niupe asilimia ngapi?

Nashuka. Ng'ambo ya barabara
Sikudhani amekaa juu ya ndoo,
mwavuli wake umebaki mbavu.
Yeye alikimbilia barazani mwa benki;
vyombo havikukimbia.
Ananipa kipande cha boksi la majani ya chai, kimeandikwa kwa kalamu inayokata:
sufuria 2
chupa ya chai 1
vikombe 11
siku 3

Siku tatu. Hakuna aliyemfundisha
kwamba siku nazo huvunjika.

Namweleza mkataba unaishia ukingoni mwa kiwanja,
pale penye mfereji.
Anautazama mfereji kwa muda.
"Na kioo chenu kilijua?"

Jibu lipo, lina kifungu na namba ya kifungu.
Sikulitoa.
Nikachukua lile boksi, nikalibana
nyuma ya picha za ghorofa ya kumi na sita,
ambako meneja atalikuta Ijumaa
na kulichomoa kwa ncha za vidole, bila neno.

Kikombe cha kumi na mbili alinipa mkononi,
chai ya tangawizi, birika la kuazima.
Niliinywa nimesimama, shingo nimeikunja juu,
ambako kipande cha aluminiamu bado kinaning'inia
kwa skrubu moja,
na njia hakuna aliyeifunga.

Sogeza ndoo, nikamwambia.
Mengine baadaye. Sogeza kwanza ndoo.