Kila Penye "Kama"

Tashbihi ni rahisi, niliwaambia darasa la saba
hapa Chiatura, chaki ikinikatikia mkononi.
Tafuteni kila penye "kama", pigieni mstari.
Sitiari ndiyo ngumu: hiyo haibishi hodi,
huingia moja kwa moja na kukalia kiti cha baba.
Leteni ukurasa wowote mlio nao nyumbani.

Tsiala alileta kisa cha mbweha.
Gocha, tangazo la duka la matairi
("imara kama mwamba"; nikampa alama zote).
Badri alileta barua ya mama yake,
mistari kumi na minane kutoka Bari,
huko anakomlea bibi kizee wa watu,
anamlisha supu, anamgeuza ubavu usiku.

Alitumia penseli ya kijani.
"Mikono yangu siku hizi ni kama msasa."
Sawa.
"Bahari ya huku imelala kama paka aliyeshiba."
Sawa, na pembeni nikaongeza: vizuri sana.
"Kama watanipa likizo, nitakuja mavuno ya zabibu."
Amepigia mstari.
"Kama si mwaka huu, basi ujao."
Amepigia mstari, mara mbili.

Kalamu yangu nyekundu haikusita:
Hapana, Badri. Hii si tashbihi. Hili ni sharti.
Neno moja, kazi mbili. Soma tena.

Akasoma tena. Mvulana huyu
(na hapa acha nifuate mafunzo yangu mwenyewe:
mhusika hujulikana kwa anayoyasema)
hakusema kitu.
Kwa wanayoyasema wengine: Gocha anadai
Badri hula upesi, kama vile kuna mtu atamnyang'anya.
Kwa matendo:
alitoa kifutio, akafuta ile mistari ya mwisho
polepole, asiichubue karatasi,
akapuliza chembe, akaikunja barua
kwa mikunjo yake ileile ya zamani.

Dirishani, kigari cha waya kilikuwa kinavuka bonde
na mwanamke mmoja na gunia la viazi.
Siku nyingine ningeuliza: hiyo ni ishara ya nini?
Sikuuliza.
Ni mwanamke, na viazi.

Sasa ni saa nne usiku, jiko limezimika.
Tashbihi mbili, amepata zote mbili.
Alama ni sahihi. Nimezikagua mara tatu,
na kila mara kidole changu kinapita
pale karatasi ilipopauka.